Kipenyo peke yake hakichagui spika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo limenikaa rohoni kwa miaka mingi ya kuinamia meza ya ufundi, nalo ni namna tunavyozishughulikia spika zilizoharibika. Nikisema spika katika barua hii simaanishi boksi zima, bali kile chombo cha duara kinachofungwa kwa skrubu kwenye tundu la boksi, chenye koni mbele na sumaku nyuma. Kikianza kukwaruza, au kikinyamaza kabisa, mwenye nacho hufanya moja kati ya mambo mawili: hukitupa pamoja na boksi lake, au huchukua rula, akapima upana wa tundu, kisha akatafuta spika yoyote itakayoenea humo. Njia zote mbili nazilaumu, lakini hiyo ya pili nailaumu zaidi, kwa sababu ina sura ya matengenezo ilhali mara nyingi ni kuuahirisha tu ubovu uleule hadi siku nyingine.

Wengi hufanya hivyo kwa kuwa hawajapata kuiona spika kwa ndani, kwa hiyo itanibidi niifungue kidogo mbele ya wasomaji wako. Umbo lake si la jana. Wahandisi wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha mwaka 1925 maelezo ya spika ambayo koili yake hucheza ndani ya nguvu ya sumaku na kuisukuma koni, na tangu hapo kilichobadilika zaidi ni malighafi na gundi, si mpango wenyewe. Koili ni waya mwembamba wa shaba au wa alumini uliozungushwa juu ya mrija mwepesi. Mrija huo umegandishwa kwenye shingo ya koni, nao huzama ndani ya mwanya wa duara ulio kati ya nguzo ya chuma iliyo katikati ya sumaku na bamba la chuma linaloizunguka. Kila upande wa koili hubaki uwazi ambao kwa kawaida haufiki hata nusu milimita. Kinachoizuia koili isiguse chuma ni vishikizo viwili tu: ukingo laini unaoizunguka koni kwa nje, na kile kitambaa cha mikunjomikunjo kilicho nyuma yake ambacho mafundi hukiita spaida. Umeme wa amplifaya ukipita kwenye koili kwa kwenda na kurudi, koili nayo huenda mbele na kurudi nyuma, koni ikasukuma hewa, nasi tukasikia.

Jambo ambalo watu hushangaa nikiwaambia ni kwamba sehemu ndogo sana ya umeme huo ndiyo huwa sauti. Katika spika nyingi za nyumbani ni kama asilimia 1 hivi, na yote inayobaki hugeuka joto ndani ya koili. Anayetaka kuielewa koili na aifikirie kuwa ni waya wa pasi uliopewa kazi ya kuimba. Vifo vingi vya spika huanzia hapo, ingawa si vyote.

Nianze na vile vinavyodhaniwa kuwa vifo na kumbe sivyo. Kuna mtu aliniletea spika ambayo alikwisha kuambiwa na fundi mwingine kwamba koili yake imeungua na hakuna la kufanya. Niliiweka multimita, yaani chombo cha kupimia umeme, kwenye ncha zake na kweli haikusoma kitu. Lakini nilipoiinua koni kidogo kwa kidole, namba ikaruka hadi omu 6.1 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nilipoiachia ikapotea. Koili ilikuwa nzima kabisa. Kilichokatika ni mojawapo ya zile nyaya laini mbili zinazotoka kwenye vituo vya nyuma na kuingia kwenye koni, nayo ilikatikia ndani ya msuko wake, mahali inapojikunja kila koni inapocheza, kiasi kwamba kwa macho ilionekana salama. Niliiondoa pamoja na mwenzake, nikalehemu nyingine mbili za aina ileile, yaani nyuzi nyembamba za shaba zilizosukwa pamoja na uzi wa nguo, kwa sababu waya wa kawaida ukiwekwa pale hukakamaa na kukatika baada ya muda mfupi. Kazi hiyo haikuchukua hata saa nzima. Spika ile ilikuwa njiani kuelekea jalalani.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji shule ndefu. Spika itenganishwe kwanza na kikatamasafa cha boksi, yaani ile bodi ndogo yenye kapasita na koili za kugawa sauti nene na nyembamba, ili kisomwacho kiwe ni spika yenyewe. Iliyoandikwa omu 8 itasoma pungufu kidogo, mara nyingi kati ya 5.5 na 7, na ya omu 4 itasoma 3 na kitu, kwa kuwa multimita hupima ukinzani wa waya peke yake na si wa spika ikiwa kazini. Upungufu huo si ugonjwa. Baada ya hapo koni isukumwe ndani taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zinazokabiliana, kwa nguvu iliyo sawa, huku sikio likiwa karibu. Spika nzima haisemi kitu. Iliyoharibika hutoa mkwaruzo mkavu, kama msasa mwepesi unaoburutwa juu ya bati, na anayeusikia mara moja hausahau. Atakayesukuma kwa kidole kimoja upande mmoja ataisikia ikikwaruza hata kama ni mpya, kisha ataihukumu ilhali haina kosa.

Ugonjwa unaozitupisha spika nyingi nzuri ni ule wa ukingo wa sponji. Sponji hiyo ni ya poliyurethani, nayo huliwa na unyevu na hewa yenyewe. Miaka 10 hadi 20 ikipita hulainika kama ulimbo au huwa ungaunga, ukiigusa inabaki kidoleni. Haidhuru kama spika ilipigwa kila siku au ilikaa kabatini. Mwenyewe huona koni imeachana na fremu, husikia besi ikipasuka, na huamini kuwa spika imekwisha, ilhali koni, koili, spaida na sumaku vyote ni vizima. Kutupa spika kwa sababu ya ukingo wa sponji ni sawa na kutupa mlango kwa sababu ya bawaba. Ukingo wa mpira huishi muda mrefu zaidi, na ule wa kitambaa kilichopakwa utomvu, unaoonekana kwenye spika za majukwaani, huweza kuizidi umri koni yenyewe.

Kubadilisha ukingo ni kazi ya subira kuliko ya ustadi. Sponji ya zamani hukwanguliwa yote, gundi yake ikafutwa kwa spiriti hadi mdomo wa fremu na mdomo wa koni ubaki safi. Spiriti itumike kwa kitambaa kilicholowa kidogo, maana koni ya karatasi haipendi kulowa. Ukingo mpya lazima ulingane na ule wa kwanza kwa vipimo vinne: kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani, upana wa tuta lake, na mwinamo wa mdomo unaogandishwa kwenye koni. Halafu kuna lile jambo moja ambalo ndilo kazi yenyewe, nalo ni kuiweka koili katikati ya mwanya wakati gundi inakauka. Njia ya uhakika ni kukata kwa wembe kile kikofia cha kuzuia vumbi kilicho katikati ya koni, kisha kuchomeka vipande vya plastiki nyembamba, kama vile vinavyokatwa kutoka picha ya eksirei, kati ya mrija wa koili na nguzo ya sumaku, ili koili ibanwe pande zote kwa usawa. Ndipo ukingo ugandishwe. Vipande vichomolewe gundi ikishakauka kabisa, kesho yake, kisha kikofia kirudishwe au kiwekwe kipya.

Niliwahi kuona hatua ya vipande hivyo kuwa ya waoga. Nilikuwa nimekwisha kubadilisha kingo kadhaa, nikajiamini, nikaiweka koni sawa kwa jicho, nikapaka gundi ya kukauka haraka kwa sababu mwenyewe alikuwa akisubiri. Sauti ya chini ilitoka safi na mwenye spika akafurahi. Besi ya kwanza ya maana ilipopita, tukasikia koili ikisugua chuma, sote wawili tukatazamana. Gundi ile ilikuwa imeshika kama jiwe, haikuniruhusu hata kusogeza koni kwa unene wa unywele, na ilinibidi niuchane ukingo mpya na kununua mwingine. Tangu siku ile natumia gundi nyeupe inayochelewa kukauka, inayoniachia dakika kadhaa za kusogeza na kusikiliza, na hakuna mteja anayeondoka na spika kabla ya saa 24. Anayesema ana haraka namwonyesha kiti.

Kuhusu koni iliyochanika sitasema mengi. Mpasuko mdogo kwenye koni ya karatasi huzibwa kwa karatasi nyembamba, hata ile ya mfuko wa majani ya chai, na gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji. Uzito unaoongezeka ni mdogo mno. Mpasuko unaofika shingoni mwa koni ni habari nyingine. Niongeze tu kwamba koni nyingi nilizoziona zimetobolewa hazikutobolewa na muziki bali na bisibisi, kwa kuwa sumaku ya spika huivuta bisibisi ya chuma kwa ghafla na fundi asiyeishika sawasawa hushtukia imekwisha kuzama kwenye koni. Mkono mmoja ufungue skrubu, mwingine uifunike koni.

Sasa niseme juu ya koili iliyoungua, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Spika ya namna hiyo hutambulika kwa pua kabla ya multimita: ina harufu ya vanishi iliyoungua ambayo hukaa ndani ya boksi kwa majuma. Ukiitoa koni, unakuta shaba iliyokuwa na rangi ya asali imekuwa kahawia, na sehemu nyingine nyeusi. Mizunguko imelegea na kupandana, na mara nyingine mrija umevimba ukang'ang'ania kwenye mwanya, ndiyo maana koni haisogei hata ikisukumwa. Spika hiyo inaweza kufufuliwa. Kwa spika nyingi za majukwaani na zile za thamani huuzwa seti ya ndani yote, yenye koni, koili, spaida, ukingo na kikofia, na kinachobaki cha zamani ni fremu na sumaku tu. Kabla ya kuiweka, mwanya husafishwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi: unakunja utepe huo juu ya kipande cha kadi, upande wenye gundi ukiwa nje, unaupitisha mwanyani mara nyingi uwezavyo hadi utoke bila chembe nyeusi. Chembe moja ya chuma iliyobaki humo inatosha kuiharibu kazi yote, na haipulizwi ikatoka kwa sababu sumaku imeishika.

Wapo mafundi wanaosuka koili wenyewe kwa mkono, nami siwabezi, kwani nimeona kazi zao nzuri. Ila koili iliyosukwa ni lazima ifuate unene wa waya, idadi ya mizunguko na urefu wa msuko wa ile ya kwanza. Waya ukiwa mnene kidogo, msuko unajaa mwanya na kusugua. Mizunguko ikipungua, omu zinapungua na amplifaya inabeba mzigo ambao haikuundiwa. Fundi anayesuka bila kwanza kuhesabu mizunguko ya koili iliyokufa anabahatisha kwa mali ya mwenzake.

Hata hivyo seti ikiwekwa vizuri, au spika ikinunuliwa mpya, swali linabaki palepale: ya kwanza iliuawa na nini? Wengi hujibu kwamba amplifaya ilikuwa na nguvu nyingi kuliko spika. Hutokea hivyo, lakini mara nyingi nakuta kinyume chake. Amplifaya ndogo inayolazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti, yakawa bapa juu na chini, na wimbi lililokatwa hadi kuwa la mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini lenye kilele kilekile. Ya wati 50 inaweza hivyo kukaribia kutoa 100, tena bila kupumzika, wakati muziki wa kawaida huwa na mapengo ya kuipooza koili. Zaidi ya hapo, kukatwa huko hutengeneza na kupandisha sauti nyembamba, na hizo huiendea tuita, yaani ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo koili yake ni nyembamba sana. Ndiyo sababu katika sherehe iliyozidishwa sauti tuita huwa ya kwanza kuaga.

Joto lenyewe nalo lina hila yake. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, kwa hiyo koili iliyopanda nyuzi 200 ina ukinzani unaozidi ule wa mwanzo kwa karibu asilimia 80. Amplifaya haiwezi tena kuisukumia umeme uleule, sauti inapungua, naye mwendeshaji, akidhani watu wamezidi kelele, anaongeza. Koili inazidi kuchemka, sauti inapungua tena, anaongeza tena. Hakuna anayegundua kitu mpaka harufu ifike.

Kisha kuna muuaji wa kimya, nao ni umeme wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri, unaovuja kutoka amplifaya ambayo transista yake ya mwisho imekufa. Umeme huo hautoi muziki. Huisukuma koni upande mmoja na kuishikilia hapo huku koili ikiiva. Mtu anayefunga spika mpya kwenye amplifaya hiyo ataiua ndani ya dakika chache, kisha atamlaumu aliyemuuzia. Kipimo chake ni rahisi kiasi kwamba naona aibu kwa fundi asiyekifanya: amplifaya iwashwe bila spika na bila muziki, multimita iwekwe kwenye volti za mkondo mnyoofu, na ncha zake ziguse sehemu mbili za kutolea sauti. Amplifaya yenye afya itaonyesha milivolti chache, au makumi machache. Ikionyesha volti kadhaa, spika isifungwe.

Narudi kwenye ile rula niliyoanza nayo. Ipo jozi ya maboksi ya inchi 10 yenye tundu la kupumulia ambayo iliwahi kuletwa kwangu kwa lalamiko kwamba spika mpya, tena yenye wati nyingi kuliko ya zamani, haina besi. Tundu lilienea, skrubu zilikubali, nyaya zilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba spika na boksi ni kitu kimoja, kama ngoma na ngozi yake. Mhandisi Neville Thiele aliliweka jambo hili katika hesabu huko Australia mwaka 1961, naye Richard Small akaliendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo kila spika inayotengenezwa kwa makini hupewa namba zinazobeba majina yao. Zilizo muhimu kwa mbadilishaji ni tatu: masafa ambayo koni hupenda kutikisikia yenyewe, kiasi ambacho mtikisiko huo hudhibitiwa na sumaku pamoja na vishikizo, na ujazo wa hewa ambao ulaini wake unalingana na ulaini wa vishikizo hivyo. Spika ile mpya ilikuwa na vishikizo vigumu na sumaku kali, iliundwa kwa sauti ya katikati ya jukwaani, na boksi lile liliundwa kwa spika laini inayoshuka chini. Hakuna kitasa cha besi kwenye amplifaya kitakachowapatanisha wawili hao.

Omu ni neno la pili. Kuiondoa spika ya omu 8 na kuweka ya omu 4 kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana ni kuiambia amplifaya itoe mkondo maradufu, na kama ndani ya boksi zilikuwa mbili za omu 8 zilizofungwa sambamba, yaani omu 4 kwa jumla, zikibadilishwa zote mbili zitakuwa omu 2, na amplifaya nyingi zitazima au zitaungua. Kikatamasafa nacho kilikokotolewa kwa omu zilezile. Zikibadilika, mpaka kati ya besi na tuita unahama.

Neno la tatu ni uitikivu, yaani sauti ambayo spika hutoa ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Hupimwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, na kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Mtu akiwa na spika ya desibeli 87 upande wa kushoto, akaweka ya desibeli 93 upande wa kulia, ile ya kushoto itahitaji nguvu mara nne ili zilingane, na msikilizaji ataona kana kwamba mwimbaji amehamia kulia. Kwa sababu hiyo, ikiwa spika ileile haipatikani tena, nashauri zibadilishwe zote mbili kwa mpigo, na ile nzima iliyotolewa ihifadhiwe. Mwisho, kabla ya skrubu kukazwa, betri ya volti 1.5 iguswe kidogo tu kwenye ncha: chanya kwenye ncha yenye alama, koni zote mbili ziende upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, besi itamezwa hewani na mwenyewe atadhani ameuziwa spika mbovu.

Sisemi kwamba kila spika ifufuliwe. Ile iliyoanguka hadi sumaku ikahama kutoka mahali ilipogandishwa, au fremu ikapinda, naiacha. Naweza kupoteza siku nzima kwa kazi ambayo haitadumu. Spika ndogo za bei rahisi, ambazo ndani yake hakuna kinachouzwa peke yake, nazo sina dawa yake. Kwa tuita za pembe za majukwaani hali ni nzuri zaidi, kwani nyingi hufunguliwa kwa skrubu chache, kiwambo chenye koili yake kikatolewa na kingine kikaingia, mradi kapasita inayoilinda ipimwe kwanza.

Najua waliosema mwamba ngoma huvutia kwake hawakukosea, na msomaji anaweza kudhani navutia kwenye meza yangu. Ndiyo maana nina maombi kwa wengine. Watengenezaji waandike nyuma ya sumaku wati za kudumu, omu, uitikivu na masafa ya mtikisiko wa asili, badala ya kubandika maelfu ya wati za kilele juu ya koili isiyozidi unene wa kidole gumba. Tena wauze kingo na koili kama vipuri, kwa muda usiopungua umri wa sponji yao. Mafundi wenzangu warudishe spika ya zamani kwa mwenyewe, pamoja na maelezo ya nini kiliiua.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi dogo la lugha. Kurasa zako hutumia neno kipaza sauti leo kwa maikrofoni na kesho kwa spika. Kuna mteja aliyeniandikia kwamba kipaza sauti chake kimekufa, nikabeba vipuri vya maikrofoni, nikakuta spika ya inchi 15 imelala chini kifudifudi. Mkiamua neno moja kwa kila chombo na kulishikilia, mtatupunguzia safari.

Mimi kila spika ninayoifufua huiandika nyuma ya sumaku kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, omu, na chanzo cha kifo. Iko moja ya inchi 12 ambayo imekuja kwangu mara tatu katika miaka miwili, koili ikiwa imeiva kila mara, na mara zote mwenyewe huniomba niiwekee koili iliyo imara zaidi. Maandishi matatu yanayofuatana kwenye sumaku yake, ya mkono wangu mwenyewe, yote yanasema neno lilelile: amplifaya. Amplifaya hiyo bado hajaileta.

Wako,
Fundi wa spika na msomaji wa gazeti hili